Neno la Siri Lililotangazwa Kanisani

Kila asubuhi Vanessa alianza na chupa za chai. Alizisuuza, akazijaza maji ya moto, akapanga vikombe kwenye meza ya wageni, kisha akachukua simu ya ofisi kuona kama mtandao wa wageni unashika. Jumatatu ile, kama mnavyokumbuka, mtandao ulikataa. Kabla hajajaribu tena, mlango ulisukumwa na sauti ikasema nyuma yake, "Wacha hiyo chai. Weka simu juu ya meza."

Tulikomea hapo, simu ingali mkononi mwake. Sasa ageuke.

Alikuwa Bob.

Bob ndiye aliyekuwa msimamizi wa ofisi ya shirika la mbegu na kilimo pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kwao ni Kakiika, Mbarara, na kila Ijumaa alirudi huko akiwa amekunja uso. Alicheka siku za wageni tu.

"Nyabo, mimi nauliza mara moja," alisema, kwa neno la kwao la kumwita mwanamke. "Nani alipatia hawa watu password?"

"Watu gani, bosi?"

"Watu gani. Kuja uone watu gani."

Akaishika kamba ya kitambulisho iliyoning'inia shingoni mwa Vanessa, akamvuta nayo hadi dirishani kama anayepeleka mbuzi mnadani.

Vanessa akatazama nje.

Ua wote wa upande wa barabara ulikuwa umejaa. Akina mama wa vitenge, wazee wa makoti, vijana wa kwaya, wote wameinua simu mbele ya nyuso zao. Walikuwa wametandika mikeka na kujipanga mistari, familia kwa familia, kama siku ya mgawo wa chakula. Huyu anamwonyesha dada yake wa Bukavu mtoto mchanga. Yule anapiga kelele, "Baraka, geuza telefone, ninaona ukuta tu."

Mlinzi wa lango, Naboth, alisimama katikati yao na fimbo yake. Zamani alikuwa askari katika kambi ya jeshi ya Mbarara, na bado aliongea kana kwamba kila mtu ni kuruta.

"Afande, toa hawa watu," Bob alimwitia dirishani.

"Mimi liambia hawa kaa chini," Naboth akajibu. "Hawa likaa chini. Sasa hawa nakataa kutoka."

Hapo ndipo Naboth alipokosea. Nakivale, mlinzi akikwambia kaa chini, maana yake zamu yako inakuja. Hakuna mkimbizi aliyewahi kuketi kwenye mstari akaondoka kabla ya kuhudumiwa.

Mama mmoja akainua macho, akamwona Vanessa dirishani.

"Ule njo dada wa rezo," akaita. Rezo ndivyo Wakongo wanavyouita mtandao.

Mstari wa kwanza ukageuka. Kwaya ikapiga makofi. "Mungu akubariki, dada Vanesa. Tumemuona shangazi yetu wa Uvira na macho."

Bob akatabasamu, ingawa wageni walikuwa hawajafika.

"Umesikia? Hawa najua wewe mpaka jina."

Kwa aliyetukuta njiani, nieleze kwa kifupi. Vanessa ni binti wa Fizi, Kivu Kusini, Kongo, aliyekimbilia Nakivale na kusomea Mbarara, akaajiriwa kuwa mkalimani. Ofisi ile ilikuwa na mitandao miwili: mmoja wa wafanyakazi, mmoja wa wageni. Mkimbizi, hata akiajiriwa, hakuruhusiwa kuingia ule wa wafanyakazi. Kwa hiyo Vanessa alitumia wa wageni, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwatajia wageni neno la siri.

Alikuwa amelitoa kwa mtu mmoja wa nje. Mmoja tu.

Mtu huyo ni Mama Gad. Jina lake la ubatizo ni Anne, lakini hakuna anayemwita hivyo. Mwanawe, Gad, alikuwa amemposa Vanessa kabla ya kupelekwa Australia na mpango wa kuwahamishia wakimbizi nchi nyingine. Kutoka huko alimtumia mama yake simu ya kisasa. Vanessa alikuwa na kasimu ka vibonye. Namba ya Gad ilikaa kwa mama, na msichana aliyeposwa kwao hamwombi mama mkwe namba; hungoja apewe.

Basi kila wiki walikaa pamoja nyuma ya ua. Mama alizungumza kwanza, kwa heshima. Alitembea huku na huku na simu, mbali kidogo, akicheka na mwanawe. Zamu ya Vanessa ilipofika, mama alishusha simu na kutikisa kichwa.

"Rezo imekatika, binti. Tutajaribu siku ingine."

Tangu Gad apande ndege, Vanessa hakuwahi kuisikia sauti yake.

"Password ya wageni si yako," Bob alikuwa akisema. "Wewe si mgeni."

"Ndiyo mliyonipa, bosi."

Alilisema polepole, akitazama vikombe. Bob hakulipenda hata kidogo.

"Sasa unajibu. Sawa. Taja jina. Ulipatia nani?"

"Nilimpa mtu mmoja."

"Huyo mmoja hana jina? Mimi nataka jina. Huyo hapana kanyaga hapa tena. Mbegu tunaondoa, jembe tunaondoa, shamba la mfano tunapatia mwingine. Halafu ndiyo atajua network ni nini."

Vanessa akatazama nje tena. Sasa alimwona. Mstari wa mwisho, kitenge cha buluu kichwani, simu kifuani. Mama Gad aliinua uso, macho yao yakakutana.

Kisha mama akasogea taratibu nyuma ya mwavuli wa jirani yake, akapotea.

"Jina," alisema Bob.

Honi ikalia langoni.

Bob alikimbia. Alipofika kizingitini tayari alikuwa anacheka, mikono imeshikana mbele. Gari lilikuwa limetoka Mbarara, na kutoka ndani yake alishuka Medius, mkurugenzi, pamoja na wafadhili wawili waliokuja kuona kazi. Ilibidi gari lisubiri kaka mmoja akunje mkeka wake barabarani.

"Leo mna mkutano?" Medius aliuliza.

"Hapana, madamu. Ni watu wanapita tu."

"Wanapita wakiwa wamekaa?"

Wageni wakaingia, wakaketi, wakafungua kompyuta zao. Vanessa akamimina chai. Mgeni mmoja alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Kiduara kikazunguka kwenye kioo. Kikazunguka. Mgeni akaigeuza kompyuta kidogo ili Medius aone.

"Bob," Medius alisema, bila kuinua sauti, "wageni wangu wanakosa mtandao wa wageni?"

"Madamu, umejaa."

"Umejaa nini?"

"Watu wa kanisa. Wako ndani."

"Ndani ya nini?"

Bob akameza mate. Akanyoosha kidole, si dirishani bali kwa msichana aliyeshika chupa ya chai.

"Muulize huyu."

Medius alimwita Vanessa pembeni, kwenye korido. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio uliotisha kuliko makelele ya Bob.

"Vanessa, wewe umesoma. Nilipokuajiri, wapo walioniambia mkimbizi hatunzi kitu cha ofisi. Nilibishana nao. Leo niwaambie nini?"

"Nisamehe, madamu. Nilimpa mtu aongee na mtoto wake."

"Nani?"

Vanessa akaishika kamba ya kitambulisho chake.

"Sikiliza. Wageni wakimaliza chai, utaniletea kimoja kati ya viwili. Jina la huyo mtu, au kitambulisho chako. Sitaki hadithi."

Bob naye hakupoteza muda. Aliingia katika chumba cha mitambo, akabadilisha neno la siri. Mara moja nje kukawa kimya, kama redio iliyozimwa. Kisha kelele ikapanda.

"Imekufa."

"Yangu naye."

"Dada yangu alikuwa analia, sikusikia juu ya nini. Rudisheni kwanza anielezee."

Vanessa alitoka kibarazani akidhani atawatuliza. Lilikuwa kosa. Waliomshangilia asubuhi walisimama wote kwa pamoja.

"Ni ye alifunga."

"Tangu bamuvalishe ile kamba mu shingo, anajiona muzungu."

"Ametupa asubuhi, ametunyang'anya mbele ya saa sita. Roho gani hiyo?"

"Ba mama, si mimi," alisema Vanessa, lakini sauti yake haikufika hata uani.

Bonge la udongo likaruka, likagonga bati juu ya kichwa chake. Naboth akainua fimbo. "Kaa chini," akafoka, na watu, kwa mazoea, wakakaa. Ila hawakunyamaza. Matusi ya mtu aliyekaa yanauma vilevile.

Ndani, vikombe vilikuwa vitupu.

Medius alimngojea mezani. Bob alisimama nyuma ya kiti chake, mikono kifuani.

Fikiri kidogo, msomaji, kuhusu kilichokuwa kwenye kamba ile. Mshahara uliowasomesha wadogo zake. Njia ya kwenda Mbarara kwa gari la ofisi badala ya kuomba. Jina lake mwenyewe, lenye picha, katika nchi aliyoingia bila karatasi hata moja. Na upande wa pili kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu, aliyejificha nyuma ya mwavuli.

Angetaja tu. Herufi chache.

Lakini huyo ni mama wa Gad. Akimtaja leo, kesho ataingia nyumba ile kwa uso gani?

Akaivua kamba kichwani. Ikakwama kwenye nywele, akaivuta, akaiweka karibu na sukari.

"Hiki hapa, madamu."

Medius alikitazama kitambulisho muda mrefu. Ungedhani atakirudisha. Hakukirudisha.

"Unaona?" Bob alisema. "Hawa watu ni namna hii. Bora wafe pamoja."

Vanessa akatoka. Alipita kibarazani, akapita uani, akafika langoni. Naboth, ambaye kila asubuhi alipokea kikombe cha chai kutoka mkono wake, alifungua lango kidogo tu, akamwacha apite kwa ubavu, akafunga.

"Sasa wewe iko upande ule," alisema. "Kaa chini na wengine."

Wengine hawakumpisha nafasi. Mwanamke mmoja aliuvuta mkeka wake ili mguu wa Vanessa usiukanyage.

"Wamekufukuza nawe? Vizuri. Usikie vile tunasikia."

"Muacheni dada."

Aliyesema hivyo alikuwa Pasta Modeste, mchungaji wa kanisa dogo la mabati lililo nyuma ya soko. Alikuja akijifuta jasho na kitambaa, anaomba njia kati ya mistari.

"Kosa ni ya kanisa," alisema. "Dada, utusamehe. Tulizani ni kitu ya bote."

"Ni nani aliwapa kode, lile neno la siri, pasta?" Vanessa aliuliza, ingawa alijua.

"Mama Gad, mu ushuhuda. Weye jana, dimanche, hukukuwa, uliitwa kiliniki kutafsiria bagonjwa. Mama alisimama, akasema Mungu amemufungulia njia, anamuona mutoto wake wa Australia. Unajua desturi yetu. Ushuhuda bila njia ni nusu ya ushuhuda. Nikamuuliza, mama, Mungu alipitia njia gani? Njo akasema: biro ya mbegu, hii ofisi yenu, rezo ya wageni, kode ni Kakiika na saba mbili. Tukaiandika ku ubao wa nimero za nyimbo. Nikaambia kanisa lirudilie."

"Mkarudilia?"

"Mara tatu," pasta alisema kwa aibu. "Na K ya mukubwa."

Vanessa karibu acheke. Neno la siri la Bob, jina la mtaa wake mwenyewe, limeimbwa na kwaya. Mama wa watu alifurahi tu, akasahau kuwa ni siri. Nani angemlaumu? Hata jinsi alivyojificha nyuma ya mwavuli ilianza kusameheka. Ni woga tu, alijiambia, hata mimi ni mwoga.

Pasta alitaka kumfariji zaidi. Laiti angenyamaza.

"Lakini ilikuwa ushuhuda kubwa, dada. Batu balilia. Alisema, fasi hii, kambi yote, rezo inasumbua, lakini ya kwake Mungu anaichunga. Kila juma anaongea na Gad mpaka anatosheka, na haijakatikaka ata siku moya."

Vanessa akamtazama.

"Alisema nini, pasta?"

"Haijakatikaka. Ata siku moya. Tukasema amina."

Makelele ya mistari yakawa mbali. Vanessa alirudia maneno yale moyoni, taratibu, kama anavyofanya mkalimani asiyetaka kupotosha. Haijakatika. Hata siku moja.

Akageuka, akaanza kutembea kuelekea mstari wa mwisho.

Hakuomba njia. Alikanyaga mikeka, akaruka watoto, watu wakamtukana, hakusikia. Msichana huyu, ambaye darasani Mbarara hakuwahi kuinua mkono, alifika kwenye mwavuli akaushika na kuusogeza.

Mama Gad alikuwa anafunga simu yake ndani ya kitenge.

"Mama."

"Binti, usinisemeshe mbele ya batu. Leo banakuona mubaya."

"Wameniomba jina lako. Sikulitaja. Nimeacha kazi mezani."

"Mungu atakulipa."

"Sitaki Mungu anilipe. Nataka wewe unijibu. Mtandao ulikuwa unakatika?"

Akina mama wa karibu wakapunguza sauti. Mmoja akazima redio.

"Ile rezo yenu ni mubaya," mama alisema, akitazama chini. "Kila mutu anajua."

"Kanisani ulisema haikukatika hata siku moja."

"Nani alikuambia?"

"Pasta."

"Pasta iko mutu kama batu. Anasahau."

"Sikusahau, mama," alisema Pasta Modeste, aliyekuwa amemfuata Vanessa. Sauti yake haikuwa tena ya kufariji. "Ulisema mbele ya mazabahu. Ao ulitudanganya siye, ao ulimudanganya huyu."

Mama akaanza kukunja mkeka. Magoti yalimkatalia, akainuka nusu, akashika bega la jirani. Jirani akalitoa bega.

"Niacheni nirudi kwangu."

"Nimekaa nyuma ya ua huu na wewe, jua likituchoma," Vanessa alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikuwa nakungojea ukiongea naye. Nilikuwa nasikia unacheka. Kila nikinyoosha mkono unaniambia imekatika. Ulikuwa unakata wewe?"

"Punguza sauti."

"Ulikuwa unakata wewe, mama?"

Langoni, Bob alikuwa ametoka kuona kama watu wanatawanyika. Alisimama na Naboth, wote wawili wakitega sikio. Medius naye alikuwa kibarazani.

Mama Gad aliwatazama wote hao, mmoja mmoja. Aliwatazama waumini wenzake waliolia jana kwa ushuhuda wake. Hakuna aliyemwita. Kisha akaacha mkeka uanguke, na uso wake ukawa mgumu, kama wa mtu aliyechoka kubeba kitu akaamua kukitupa, kimwangukie atakayeangukiwa.

"Unataka nikuambie? Basi sikia. Gad alisema kule banamuruhusu kutia jina moya kwanza, la mutu wa kumufuata Australia. Moya. Akaniuliza, mama, nianze na weye ao na Vanesa? Mutoto wangu, wa tumbo yangu, ananiuliza vile. Weye uko kijana. Uko na masomo, uko na miguu. Miye nikingoja zamu ya pili banizika fasi hii, ku majani hii, fasi sijui ata jina la kilima."

"Ukamjibu nini?"

"Nilikuwa nakata, ndiyo. Nilikuwa nakata ju sikutaka akusikie. Angekusikia, angekuchagua."

"Mama. Ukamjibu nini?"

Mama akaisukuma simu ndani zaidi ya kitenge. Alipofungua kinywa tena, hakuficha sauti, wala hakutazama chini.

"Nilimuambia uliolewa. Nilimuambia uliolewa na ule Bob wa biro, na uko na mimba yake. Alilia, kisha akaacha kulia. Nikamutafutia binti wa kwetu aliye kule kule, asiye na lazima ya jina. Nilitaka niende miye, Vanesa, si weye. Na harusi ya Gad ni Jumamosi, samedi hii."